Suti ya raba ni chombo cha kuelea! Waandaaji wa mbio za kuogelea maji ya wazi (baharini na ziwani), acheni kutupanga kwenye jedwali moja

Wakuu, uzi huu naufungua nikiwa na hasira na sitajificha. Kila msimu ni yale yale. Tangazo linasema "suti za raba ni hiari". Nusu ya watu wanaingia majini na neopreni kuanzia shingoni hadi kifundo cha mguu, nusu wana nguo ya kitambaa tu, halafu matokeo yanatoka kwenye jedwali moja na medali moja. Hiari gani hiyo? Tangazeni basi mbio za miguu ambazo baiskeli ni hiari.

Kabla hamjaniletea ile ya "suti ni ya baridi tu", tukiangalie kitu chenyewe. Neopreni ni raba iliyojaa vipovu vya gesi vilivyofungwa, maji hayaingii. Kipovu kinachozuia joto la mwili lisitoroke ndicho hicho hicho kinachoelea, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine. Na mafundi wake hawalali: kwenye suti nyingi za mashindano, begani na mkononi unakuta milimita 1.5 au 2 ili mkono uzunguke, halafu nyongani na mapajani unapanda hadi 4 au 5. Paja ndilo linalosikia baridi kuliko mkono? Hapana. Paja ndilo linalozama.

Mwogeleaji ambaye miguu yake inaning'inia anasukuma maji kwa mwili mzima kama mtu anayeburuta gunia. Mvalishe suti, nyonga zinapanda, mwili unalala bapa, ukinzani unashuka, na hata teke anaweza kuliacha akabaki na mikono tu. Yule aliyesota miaka bwawani hadi akajua kulala bapa mwenyewe anaongezewa kidogo sana. Kwa hiyo suti haimbebi kila mtu sawasawa, inambeba zaidi mwenye ufundi mbovu. Hapo ndipo jedwali moja linapokuwa uonevu.

Kanuni ipo, tena haina fumbo. World Aquatics, shirikisho la dunia la michezo ya majini, wanasema: maji yakiwa chini ya nyuzi 16 hakuna mbio, yakizidi 31 hakuna mbio. Chini ya 18 suti ni lazima kwa wote. Kati ya 18 na 20 ni hiari. Kuanzia 20 ni kitambaa tu. Sasa waandaaji wetu wanakwenda kunakili kanuni za triathloni, ambako watu wa makundi ya umri (wale wasio wa daraja la juu) wanavaa hadi karibu 22 kwenye mita 1500, kisha wanazibandika kwenye mbio za kuogelea tupu. Mwanatriathloni bado ana baiskeli na kukimbia mbele yake. Sisi hatuna kingine, kuogelea ndiyo mbio yote.

Halafu hicho kipimajoto! Kinatakiwa kusoma joto masaa mawili kabla ya mbio kuanza, katikati ya njia ya mbio, kina cha sentimita 40. Kinachofanyika: mtu anachuchumaa kwenye ngazi za ufukweni, anakichovya kwenye maji ya magotini, anakiinua machoni na kutangaza. Makosa matatu kwa mpigo. Maji ya kina kifupi hupoa haraka usiku kuliko ya katikati, kwa hiyo alfajiri unapata namba ya chini na suti zinaruhusiwa bila sababu. Mchana kinyume chake: juu jua limepasha, chini bado baridi, unazuia suti mahali zinapohitajika. Na ukikitoa majini kikiwa kimelowa kwenye upepo, kinashuka mbele ya macho yako kabla hujamaliza kusoma. Kifunge kwenye kamba yenye uzito mdogo, weka fundo kwenye sentimita 40, kiache dakika kadhaa, kisome kikiwa bado ndani ya maji au kwa chombo chenye waya. Rudia sehemu tatu. Kuna ugumu gani?

Na msiseme kuruhusu suti kila wakati ndiyo usalama. Fran Crippen, mwogeleaji wa Marekani, alifariki Oktoba 2010 huko Fujairah, Falme za Kiarabu, kwenye mbio za kilomita 10 katika maji ya joto kali. Hakuwa na suti, ila baada ya pale kila mtu alipaswa kuelewa kwamba joto linaua majini kama baridi. Mtu anayeogelea kwa kasi ya mashindano ndani ya milimita 5 kwenye maji ya nyuzi 26 anajipika. Jasho linatoka asilione, anaanza kupotea boya, anaogelea kwa kupinda, na aliyeko kwenye kayaki anadhani ni mawimbi.

#2
Mkuu hoja ya jedwali nakubali, ila hasira imekufanya upite haraka kwenye baridi. Kwenye nyuzi 17 bila suti, dakika 1 hadi 3 za kwanza mtu anahema bila kujitawala, na uso ukiwa chini anameza maji. Akivuka hapo, vidole vinaanza kuachana na haviwezi kubanwa tena, mkono unavuta maji kama uma. Suti inampa muda na inamweka juu hadi boti ifike. Ukiwanyima wageni suti, boti zenyewe hazitatosha.

Kingine: suti yenyewe ivaliwe vizuri. Ikiwa kubwa inabeba mfuko wa maji kiunoni. Ikibana shingo mtu anapata hofu mita 200 tu toka mwanzo akidhani ni moyo. Vuta raba kwa ncha za vidole, si kucha, hadi pale miguu ya suti inapokutana pakae kabisa kwenye msamba, ndipo mabega yapate nafasi. Mafuta kwenye shingo upande wa kugeuzia kichwa, vinginevyo unatoka na mchubuko wa wiki nzima.

#3
Na suruali fupi za neopreni? Kuna watu wanazivaa chini ya kaptula ya kitambaa na kujiandikisha "bila suti".

#4
@3 hao ndio wabaya kuliko wote, maana wanavaa pale pale panapozama. Mwamuzi aminye nguo kwa vidole viwili: kitambaa kinakunjika na kubaki kimekunjika, neopreni inarudi kama sponji. Na kofia ya neopreni isiwekwe kundi moja na ya silikoni.

Mwenye uzi
@2 tumeelewana, mimi sijasema zipigwe marufuku. Chini ya 18 vaeni wote, sina neno. Ninachotaka ni pale panapoitwa hiari: majedwali mawili, kofia za rangi mbili, na kundi la suti lianze dakika 10 baadaye au mapema. Msituanzishe pamoja mkafikiri kutenganisha majina kwenye karatasi kunatosha, kwa sababu mwenye nguo ya kitambaa akijibana nyuma ya miguu ya mwenye suti anavutwa naye, na jedwali lake nalo linaharibika. Wanaovuka mfereji kati ya Uingereza na Ufaransa wanatumia nguo moja ya kawaida, kofia moja na miwani, na rekodi zao unaweza kuzilinganisha hadi leo kwa sababu hakuna aliyebebwa na raba.

@3 hilo la kaptula liandikwe kwenye fomu ya kujiandikisha kwa herufi kubwa. Na joto la maji liandikwe ubaoni pamoja na saa, kina na sehemu lilipopimwa, pawe na sahihi ya mwogeleaji mmoja aliyekuwepo kwenye boti.