Kufunga paa kwenye ukuta: hupu aironi, nondo ya milimita 8 au boliti?

Mjenzi_FP: Nyumba ya matofali ya kuchoma, mita 9 kwa 7, iko Fort Portal, magharibi mwa Uganda. Mabati geji 28, mbao za mkaratusi. Wolpleti (mbao inayolala juu ya ukuta kubeba paa) inaweza kushikwa kwa hupu aironi (utepe mwembamba wa chuma) iliyojengewa kozi tatu (safu za matofali) chini, kwa nondo laini ya milimita 8 inayotoka kwenye mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, au kwa boliti ya milimita 12 iliyozamishwa kwenye mkanda huohuo. Ipi inashika kweli?

NondoKasese: Piga hesabu ya upepo kwanza, ndugu. Upepo wa mita 30 kwa sekunde una nguvu ya takribani newton 550 kwa kila mita mraba. Paa lako pamoja na vipenu ni kama mita mraba 84, kwa hiyo likinyonywa lote kwenda juu ni karibu tani 4.7. Mabati na mbao zake hazizidi sana tani moja na nusu. Tani tatu na ushee zinazobaki zinataka kitu kizito cha kuzizuia.

Hupu aironi yenyewe haikatiki kirahisi. Angalia kilichoko chini yake: kozi tatu za ukuta wa inchi 9 zina kama kilo 100 kwa mita, na saruji ya kujengea haivumilii kuvutwa. Paa huondoka na kozi hizo zikining'inia. Mkanda wa zege wa milimita 230 kwa 230 una kilo 127 kwa mita. Ukizunguka mita 32 ni tani 4, bila kuta za ndani. Fungia hapo.

Seremala_Mbarara: Naunga mkono. Kati ya nondo na boliti, kila moja ina kosa lake. Nondo hukunjwa nusu tu juu ya wolpleti na kupigiliwa msumari mmoja. Upepo ukivuta, inanyooka. Ipitishe chini ya nondo za chini za mkanda kabla ya kumwaga, acha milimita 300 juu, kisha ikumbatie mbao mpaka upande wa pili na uibane kwa misumari ya U. Usitumie nondo ya mbavu kwa kazi hii: kuikunja na kuikunjua zege likishakauka huifanya ipasuke kwenye kona.

Boliti inakaa imara zaidi, lakini mkaratusi mbichi hunywea na nati inabaki ikielea. Weka washa (kisahani cha chuma chini ya nati) ya mraba ya milimita 50, maana ile ndogo ya duara inazama kwenye mbao, na urudi kukaza nati kabla ya kupiga silingi. Funga nyuzi za boliti kwa plasta ya kunata siku ya kumwaga zege, la sivyo nati haitapanda.

Mama Fundi: Mmesahau kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba mabati. Wolpleti ikishikwa na kenchi ikaachwa na misumari miwili ya mshazari, wolpleti itabaki na paa litaondoka. Hupu aironi ya zinki kazi yake iko hapa: ivuke juu ya kila kenchi, ishuke pande zote mbili za wolpleti, misumari minne kila upande. Ipigwe ubavuni mwa mbao. Msumari wa kutoka juu huchomoka.

NondoKasese: Sahihi kabisa, mama. Na kwa kuwa ni Fort Portal, msiishie kwenye upepo. Toro, eneo hilo la Fort Portal, ilitikiswa na tetemeko la ardhi tarehe 20 Machi 1966, kisha tena 5 Februari 1994. Mkanda ushuke hadi kwenye msingi kwa nguzo za pembeni: nondo nne za milimita 12 zenye mguu wa L ndani ya zege la msingi, mapishano (nondo mbili zinapolazwa sambamba kuunganishwa) milimita 600. Kwenye kona za mkanda, nondo zisikomee pale. Zigeuke na kupishana milimita 600 hizohizo. Kona iliyokatwa hufunguka kama mlango.

Mjenzi_FP: Basi ni boliti. Kila mita 1.2 zinatoka 27. Nitaongeza mbili kila pembe, na moja milimita 300 kutoka kila kiungo cha wolpleti.

Seremala_Mbarara: Toboa wolpleti kwa keke ya milimita 14, isiwe 12. Boliti huwa haikai wima kabisa baada ya zege kushindiliwa.