Napiga mswaki kila siku ila mdomo bado unanuka, shida nini?

kitunguu_maji:
Wakuu habari za mida hii. Naombeni msaada, ni suala la aibu kidogo. Mdomo unanuka mwaka wa pili sasa, mswaki napiga asubuhi na usiku, bigijii haziishi mfukoni, lakini ikifika saa nne asubuhi harufu imerudi palepale na nikiongea na mtu naona anasogea pembeni taratibu. Duka la dawa waliniambia tatizo ni tumbo wakanipa dawa za vidonda vya tumbo, dozi nimemaliza hamna kitu. Juzi mama watoto ndo kafunguka eti usiku ni balaa. Nifanyeje?

Shangazi wa Temeke:
Pole mwanangu. Tafuna karafuu na iliki, asubuhi maji ya uvuguvugu na ndimu.

gego_la_mwisho:
Karafuu inafunika tu shangazi, haiondoi, na ndimu kila siku inakula meno. Mkuu mi nafanya kazi kliniki ya meno. Harufu ya kudumu mara nyingi inatoka mdomoni kwenyewe, tumbo linasingiziwa tu. Kuna bakteria wasiopenda hewa, wanakaa nyuma kabisa ya ulimi na kwenye mifuko kati ya fizi na jino, wanakula mabaki ya chakula wanatoa gesi za salfa ndo ile harufu ya yai viza, na mswaki huko haufiki. Chukua uzi wa meno pitisha kati ya magego halafu unuse, ukitoka na damu na harufu basi anza na fizi. Ugaga ukishakauka hautoki kwa mswaki hata usugue vipi, mpaka ukafanyiwe skelingi, yaani kukwanguliwa ugaga kwa mashine, na kama mifuko imeenda chini wanasafisha hadi kwenye mizizi. Nyumbani kwangua ulimi kuanzia nyuma hata kama kichefuchefu kinakuja, uzi kila usiku. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini inasaidia ila usiifanye ya maisha, wiki mbili hivi inatosha, ukizidisha inaacha madoa ya kahawia kwenye meno na chakula kinapoteza ladha.

Mtoto wa Mwanza:
Cheki na tonsili pia. Mi fizi zilikuwa safi kabisa ila nikikohoa vinatoka vidude vyeupe vidogo, ukikiponda kwenye vidole utakimbia mwenyewe 😂 Daktari wa masikio pua na koo akasema ni vijiwe vya tonsili, chakula kinanasa kwenye vile vishimo kinagandia humo. Nasukutua koo na maji ya chumvi, vimepungua sana.

kitunguu_maji:
Damu inatoka kweli nikipiga mswaki, nikajua mswaki mgumu. Ila skelingi si wanasema inalegeza meno?

gego_la_mwisho:
Hailegezi. Meno yanalegea kwa sababu mfupa umeshaliwa na ugonjwa, ule ugaga ndo ulikuwa umeyashikilia, ukitolewa ndo unaona yanacheza watu wanalaumu mashine. Unalala mdomo wazi? Kuna dawa yoyote unatumia ya presha au aleji? Nyingine zinakausha mate, na mate ndo yanaosha mdomo. Sukari umepima?

kitunguu_maji:
Dawa situmii. Nakoroma sana, na sukari sijawahi kupima ila mzee wangu anayo.

gego_la_mwisho:
Basi siku hiyohiyo ya meno wakutoboe na kidole, sukari ikiwa juu fizi hazitapona vizuri hata wakusafishe kila mwezi.