Maduka ya santuri na kumbi za dansi za zamani

Swali: Wakubwa zangu, kwa mliokuwa vijana kabla ya CD kuingia sokoni mwaka 1982, ni nini hasa kilichowavuta kwenye maduka ya santuri, baa na kumbi za dansi ambazo sasa zimefungwa?

Jibu la 1: Dukani tulikwenda kusikiliza zaidi kuliko kununua. Muuzaji aliishika santuri kwa kingo tu, asije akaiacha na alama za vidole, kisha akaishusha sindano taratibu, nasi tukausikia mkwaruzo mfupi kabla muziki haujaanza. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zilizoanza kuuzwa mwaka 1949, kwa kawaida zilibeba wimbo mmoja kila upande, na mara nyingi ule wa upande wa pili, ambao redio haikuupiga, ndio uliotuteka.

Jibu la 2: Ni kweli, mzee mwenzangu, ila usiisahau baa, kwani bendi ilipopumzika ndipo wageni walipofahamiana. Kumbi, kwa maoni yangu, hazikuuawa na teknolojia pekee: kodi ya pango ilipanda, na majirani wapya wakalalamikia kelele.

Jibu la 3: Kuhusu pango nakubali. Maduka, hata hivyo, yalidhoofishwa zaidi na muziki wa intaneti.