Rangi ya kucha kwenye vigae: rimuva, thina, spiriti au wembe? Nimejaribu, naomba maoni yenu

MamaWawili_Ilomba

Habari za jioni wapendwa. Nipo Mbeya, Ilomba, nyumba ya kupanga. Jumapili mwanangu wa miaka mitatu alichukua chupa ya rangi ya kucha nyekundu juu ya kabati, ikamponyoka ikapasuka kwenye korido. Nilikuwa jikoni na maharage, mpaka nakuja kuona, nusu yake ilishakauka. Vigae ni vyeupe vya kung'aa. Rangi imeruka mpaka ukuta wa bafuni, na mbaya zaidi imeingia kwenye maungio, kwenye ile grauti inayojazwa kati ya kigae na kigae.

Mwenye nyumba anakuja mwisho wa mwezi. Ni mzee mwema, tumeishi naye vizuri miaka minne, sitaki akute sakafu yake hivi.

Fundi aliyejenga aliacha vipande vya vigae nyuma ya nyumba. Nikavipaka rangi ileile, nikaviacha usiku kucha, kesho yake nikajaribu dawa moja moja kabla sijaigusa sakafu. Niliyoyaona ni haya.

Dawa ya meno niliisugua mpaka mkono ukauma. Imetoa mng'ao wa rangi tu, doa lipo palepale. Spiriti ya duka la dawa inalainisha, lakini inataka subira: pamba nne kwa doa la ukubwa wa sarafu, na nyekundu inasambaa kuwa pinki kabla ya kutoka. Thina ya rangi za mafuta imetoa haraka, ila harufu yake ilinipa kichwa mpaka jioni, na nilifanyia nje. Rimuva, yaani dawa ya kutolea rangi ya kucha, niliyonunua Mwanjelwa, ya kawaida yenye asetoni, imetoa doa lote kwa pamba mbili. Ile nyingine iliyoandikwa haina asetoni ilichukua muda mara tatu, ikaacha utelezi kama mafuta.

Kwenye kigae chenyewe basi naona rimuva ya asetoni imeshinda. Maswali yangu ni mawili: je, haitaua mng'ao wa kigae? Na kwenye grauti nifanyeje? Nilipojaribu, wekundu ulizama zaidi.

---

Fundi_Kabwe

Dada pole. Kazi ya kujaribu kwenye kipande kwanza umeifanya vizuri kuliko mafundi wengi ninaowajua.

Kabla ya kuchagua dawa, jua sakafu yako. Kigae cheupe cha kung'aa kina ngozi ya kioo juu, tunaiita glezi. Ile imechomwa kwenye tanuri kwa joto kali sana, asetoni haiifanyi lolote. Futa bila hofu. Ndani ya kigae cha ukutani udongo wake unafyonza maji mengi, zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, kwa hiyo kama kina ufa au kona imemeguka, rangi itapita pale na hutaitoa tena. Kagua kona.

Kigae cha aina ya poseleni ni kigumu zaidi, kinafyonza chini ya nusu asilimia. Lakini ile iliyosuguliwa na mashine bila glezi ina vitundu vidogo ambavyo jicho halioni, na rangi nyekundu hupenda kukaa humo. Hiyo usifute kwa kuzungusha. Bandika pamba yenye rimuva, subiri, inua, weka pamba mpya.

Grauti nitarudi, nipo saiti.

---

Kijana_Tunduma

Mbona rahisi, mama. Changanya rimuva na jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nusu kwa nusu, mwaga, subiri dakika kumi, piga brashi. Grauti itarudi nyeupe kama mpya.

---

Mwl_Kemia_Mafinga

NAOMBA MTU YEYOTE ASIFANYE HIVYO. Kaka wa Tunduma, najua umeandika kwa nia ya kusaidia, lakini asetoni ikikutana na jiki hutengeneza klorofomu na gesi nyingine zinazoumiza macho na mapafu. Kwenye bafu dogo la nyumba zetu, lenye kidirisha cha kiganja na mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, mtu anaweza kuanguka. Hata kupaka rimuva kwanza halafu jiki baadaye kabla hujasuuza ni hatari ileile.

Na lile povu la kusafishia vidonda, haidrojeni peroksaidi, nalo lisikutane na asetoni. Yapo mazingira ambayo mchanganyiko huo hutoa kitu kinacholipuka.

Kuna jambo jingine linanisumbua zaidi kwa watu wa mikoa yetu. Huu ni mwezi wa saba. Mbeya, Njombe, Makete, Mafinga, jioni tunaingiza jiko la mkaa ndani tuote. Asetoni inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, sembuse baridi yetu. Tena mvuke wake ni mzito mara mbili ya hewa, kwa hiyo haupandi juu ukapita dirishani. Unashuka na kutambaa sakafuni, palepale ulipopiga magoti unafuta, na palepale jiko lilipo. Jiko litoke nje kwanza, mshumaa uzimwe, madirisha na milango ifunguliwe hata kama mnatetemeka. Ndipo ushike chupa. Thina ni vilevile.

Mama, kwa kuwa una mtoto wa miaka mitatu, mpeleke kwa jirani saa hiyo.

---

Kijana_Tunduma

Mwalimu shikamoo, na asante. Nilikuwa nafanya hivyo kwenye choo cha dukani na kifua kilikuwa kinanibana, nikadhani ni vumbi. Naacha leo.

---

SalonMwanjelwa

Nina saluni ya kucha mwaka wa sita sasa, rangi inamwagika karibu kila wiki, naomba niongezee.

Kinachookoa sakafu ni dakika ya kwanza. Rangi ikiwa bado mbichi, usiipanguse! Ukipangusa umeitandaza. Mwagia sukari, nyingi, mpaka ifunike yote. Sukari inaishika rangi, inakuwa madonge, unazoa kwa kipande cha boksi. Kinachobaki ni utando mwembamba, pamba moja ya rimuva inatosha. Chumvi nayo inafanya, lakini naona sukari inashika vizuri zaidi. Mimi nina kopo la sukari chini ya meza ambalo si la chai.

Ikishakauka, naanza na wembe kabla ya rimuva. Lowesha kwa maji ya sabuni, laza wembe karibu ubavu wake uguse kigae, sukuma taratibu. Ukiusimamisha utachora. Asubuhi sakafu ikiwa ya baridi rangi inakuwa imekakamaa, inabanduka kama ganda, na ukiondoa ganda huna haja ya kuloweka rimuva nyingi inayosambaza wekundu kwenye maungio. Kwa hiyo mama, swali lako la "rimuva au wembe" kwangu ni wembe kisha rimuva.

Rangi ya jeli ile ya kukaushia kwenye taa ni habari nyingine. Ikimwagika kabla ya taa, haikauki kwa hewa peke yake, spiriti inaitoa vizuri kabisa. Lakini isipigwe na jua! Jua lina mwanga uleule wa taa, itaganda. Ikishaganda, pamba ya asetoni ikae juu yake dakika kumi au kumi na tano ndipo ukwangue.

---

Kamwene_Iringa

Kamwene. Mimi nina kisa cha huzuni. Nyumba yangu ya Kihesa chumba kimoja nilitandika vile vigae vya plastiki vya kubandika, vinafanana kabisa na vigae vya udongo. Binti yangu alidondosha matone matatu tu ya rangi. Nikapaka rimuva kwa ujasiri wote. Sakafu ikalainika kama ubani uliotafunwa, pamba ikanata, na mpaka leo pana shimo lenye umbo la vidole vyangu. Matone yenyewe yalikuwa madogo kuliko uharibifu nilioufanya.

Gonga kwa ukucha: ya udongo inalia, ya plastiki iko kimya. Kama ni plastiki, jaribu spiriti kidogo kwenye kona iliyojificha chini ya kitanda, na usitumie asetoni wala thina kabisa.

Na msimimine rimuva kwenye vikombe vile vyeupe vyepesi vya kutupa. Inavila. Tumia kikombe cha bati au cha udongo.

---

BintiNjombe

Nilitumia stilwaya kwenye vigae vya kung'aa vya jikoni, rangi ikatoka, na mng'ao nao ukatoka. Kila jua likiingia dirishani naona duara la ukungu. Mama, usiguse stilwaya.

Halafu nina swali. Nyumba ya bibi ina tarazo ya zamani, na dada anataka kutumia ndimu na siki kwa sababu ni vitu vya asili. Mnaonaje?

---

Fundi_Kabwe

Hapana, dada. Tarazo ni saruji na vipande vya mawe, mengi ni ya jamii ya marumaru au chokaa. Ndimu na siki ni asidi, zinakula jiwe. Ukitazama kwa karibu utaona vipovu. Na rangi ya kucha haziitoi, kwa hiyo utabaki na doa juu ya sehemu iliyofifia. Marumaru halisi nayo ni hivyohivyo. Asetoni hailili jiwe, ila itaondoa nta iliyopakwa juu, hivyo baada ya kutoa doa utapaka nta upya na kusugua sehemu nzima ifanane. Kama ni ile sakafu nyekundu ya saruji ya nyumba za zamani, asetoni inaweza kuondoka na wekundu wa sakafu yenyewe. Hapo anza na wembe peke yake, kwa upole.

Sasa grauti ya dada wa Ilomba. Grauti ya saruji ni kama sponji. Ukimimina rimuva unaiyeyusha rangi na kuisukuma chini, ndiyo maana wekundu ulizama. Unatakiwa uivute juu. Kanda poda nyeupe ya kawaida na asetoni mpaka iwe kama uji mzito, bandika juu ya mstari unene wa kidole kidogo, funika na nailoni, gandisha kingo kwa utepe, acha mpaka kesho. Kisha funua uache ikauke yenyewe. Inapokauka ndipo inaponyonya rangi kutoka chini. Zoa, tazama, rudia mara mbili au tatu. Usiku huo hakuna jiko ndani, mwalimu ameshasema.

Ukikosa kabisa, kwangua grauti kina cha milimita mbili au tatu, toa vumbi, jaza mpya. Kwangua mstari mzima toka kona hadi kona, usizibe kiraka. Grauti ya miaka minne imeshakuwa ya kijivu, kiraka cheupe kitaonekana kuliko hata doa.

---

MamaWawili_Ilomba

Nailoni nitoe wapi, fundi? Mifuko tuliyoizoea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

---

SalonMwanjelwa

Ya mkate, mama. Ipasue iwe bapa. Asetoni haiili hiyo.

---

MamaWawili_Ilomba

Nimerudi, siku ya tano leo.

Watoto nilipeleka kwa mama mdogo Uyole, jiko likalala nje, nikafungua milango yote miwili. Nilianza saa moja asubuhi sakafu ikiwa ya baridi kweli. Dada wa saluni, wembe na maji ya sabuni vimeondoa karibu rangi yote ya korido kabla sijafungua rimuva. Ganda lilitoka vipande vikubwa, nikafurahi kama mtoto. Ukungu uliobaki ulitoka kwa pamba, kila mara upande safi, kisha nikaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Mng'ao upo. Nimelinganisha na kipande cha nyuma ya nyumba, sioni tofauti.

Ukuta wa bafuni umetoka wote isipokuwa kigae kimoja chenye kona iliyomeguka. Fundi ulisema kweli, pale rangi imepita chini ya glezi, kuna kivuli cha pinki kama ukucha wa mtoto. Nimekiacha.

Grauti nimebandika poda usiku tatu. Wa kwanza poda ilitoka ya waridi, nikajua inavuta. Wa pili waridi hafifu. Wa tatu ilitoka nyeupe, lakini mstari wa katikati, urefu wa kalamu hivi, bado una wekundu ukiinama kutazama. Ukisimama huoni.

Je, niendelee usiku wa nne au nikwangue?

---

Fundi_Kabwe

Poda ikitoka nyeupe imemaliza kilichoweza kutoka. Usiku wa nne ni kupoteza asetoni. Kwangua mstari huo kona hadi kona, na ukinunua grauti chukua ya kijivu hafifu, si nyeupe. Peleka kidonge cha ile ya zamani dukani ulinganishe, lakini kiloweshe kwanza na kikaushe, maana kikiwa na uchafu kitakudanganya.

Na mwambie mzee kuhusu kona ya bafuni kabla hajaiona mwenyewe.

---

MamaWawili_Ilomba

Nimempigia jana jioni. Amecheka, akauliza mtoto hakujikata na chupa? Amesema atakuja na kigae kimoja toka stoo kwake.

Ndaga fijo, asanteni sana wote.