Njia zisizotakiwa kwenye ruta ya ofisi: kuzima au kupandisha umbali?

Fundi_Ntinda: Wakuu, ofisi yetu Kampala ina ruta ya MikroTik yenye laini mbili: faiba, na modemu ya simu kama akiba. Umeme ukikatika na kurudi, naikuta njia ya pili ya 0.0.0.0/0 (njia kuu ya kwenda intaneti) yenye alama D (iliyojiandika yenyewe), na kompyuta zinatoka mtandaoni kupitia modemu. Bando linakwisha kabla ya saa sita mchana. Kuifuta, ruta inakataa. Nizime add-default-route (mpangilio unaoiandika njia hiyo) niandike njia kwa mkono, au nipandishe tu umbali (njia yenye namba ndogo hutangulia)?

Jinja_LAN: Njia yenye D haifutwi, anafuatwa aliyeiandika. Kwako ni DHCP (inayopokea anwani na njia) ya upande wa modemu. Mimi huzima kabisa, kisha naandika mwenyewe: faiba umbali 1, modemu 2. Atakayekuja baada yangu anaona kila kitu mahali pamoja.

Mbarara_Net: Ndugu wa Jinja, hiyo inafaa pale geti (anwani ambayo ruta hupitishia data) haibadiliki. Modemu ikipitisha anwani ya kampuni ya simu hadi kwenye ruta, geti hubadilika na njia ya mkono inakufa kimya, siku ile ile akiba inapohitajika. Weka default-route-distance=10 (yaani umbali 10) kwa modemu, faiba ibaki 1. Njia itajisasisha yenyewe lakini itakaa nyuma.

Arua_Noc: Naungana na Mbarara, ila hapo bado. Kebo ikikatwa barabarani, kisanduku cha faiba ukutani bado kinawaka, kwa hiyo ruta inaona faiba nzima na akiba haiingii. Hata check-gateway=ping, inayopima geti kila sekunde 10, itajibiwa na kisanduku hicho. Pima mbali zaidi: andika njia ya 8.8.8.8/32 (anwani moja tu, seva ya Google kwenye intaneti) ipite faiba tu, scope=10, kisha njia kuu iwe na geti 8.8.8.8, target-scope=11 (namba hizi mbili huiruhusu ruta kuifikia geti hiyo kupitia njia ile ya kwanza), na check-gateway=ping. Usisahau kuzima add-default-route ya faiba, la sivyo ile ya D itabaki pale pale.

Fundi_Ntinda: Kumbe! Na zile njia zenye alama DAc na DAo?

Gulu_Waya: DAc ni mitandao iliyochomekwa kwenye ruta yenyewe, usiziguse. DAo zimeletwa na OSPF (itifaki ambayo ruta hupashana njia) kwa umbali 110. Kama ofisi haina ruta nyingine unayoitambua, zima OSPF leo hii, maana kuna kifaa jirani kinachoiambia ruta yako ipite wapi.

Fundi_Ntinda: Modemu nimeiweka 10, faiba inapimwa kwa 8.8.8.8. Jioni wakishaondoka watu nitachomoa kebo ya faiba upande wa nje nione.