Naombeni ushauri: niandike "regret" au "apologize"?

Mtepe: Wakuu, naandika kadi ya Kiingereza kwa mama mkwe, Kiswahili hajui kabisa. Baba mkwe alizikwa mwezi uliopita, sikufika. Nimeshaanza na "I regret", naona lina heshima zaidi. Au niweke "I apologize"? Usingizi sipati.

MwalimuMstaafu: "Regret" ni kusikitika, hata kwa jambo lisilo kosa lako. "Apologize" ni kuomba radhi, yaani unakiri umekosa. Na limetoka mbali: "apologia" ya Kigiriki ilikuwa hotuba ya kujitetea mahakamani, kama ile ya mwanafalsafa Sokrates mwaka 399 KK. Leo anayejitetea hajaomba radhi bado.

Tausi: Mimi rafiki yangu alifiwa, nikamwambia "I apologize" nikidhani ndiyo "pole". Akanitazama, akauliza, "Kwani ulifanya nini?" Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Nanga: Wakwe hawaandikiwi kadi, wanaendewa. Kizazi hiki!

MwalimuMstaafu: Mtepe, hujasema kilichokuzuia. Jibu liko hapo.

Mtepe: Niliwaambia naumwa.

MwalimuMstaafu: Uliwaambia. Ulikuwa unaumwa?

Mtepe: Hapana. Mimi na marehemu tuligombana, hatukupatana mpaka anafariki. Sikutaka kusimama mbele ya jeneza nikijifanya. Lakini "regret" si uongo, nasikitika kweli.

Kibatari: Hii chai. Una mke anayekijua Kiingereza cha mama yake, halafu unatuuliza sisi?

Nanga: Hata mimi nimehisi. Uzi wa kutunga.

Mtepe: Si chai. Mke nilimwonyesha kadi jana usiku. Alichukua kalamu akalikata "regret" mpaka karatasi ikatoboka, akairudisha mezani, akaenda kulala. Hajasema neno mpaka sasa.

Tausi: Basi ameshakujibu, kaka. Kwani "sorry" haliwezi kubeba yote mawili?

MwalimuMstaafu: Linabeba, ndiyo shida yake. Aprili 2001 ndege ya kijeshi ya Marekani iligongana na ya China, rubani wa China akafa. Marekani ikaandika "very sorry" mara mbili, ikasema hiyo si kuomba radhi. China ikawaambia watu wake imeombwa radhi. Mama mkwe usimwachie fumbo kama hilo. Andika "I apologize for", kisha utaje kosa lenyewe.

Mtepe: Hata ule ugonjwa?

MwalimuMstaafu: Uanze na huo.

Mtepe: Basi nanunua kadi nyingine. Hii ina tundu.