Mkia wa kiluwiluwi huenda wapi?

Mwalimu_Kidato3: Wakuu, habari zenu. Tumefuga viluwiluwi kwenye beseni darasani. Jana binti mmoja kaniuliza: "Mwalimu, mkia haukukatika, haukuoza, maji hayanuki. Umeenda wapi?" Nimemwahidi jibu Jumatatu, na sitaki kumbabaisha.

MamaMaabara: Hongera kwa kuwa na mwanafunzi kama huyo! Mkia umeliwa na mwili wenyewe. Homoni ya thairoidi ikipanda, seli za mkia hupata amri ya kufa. Mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, huachia protini iitwayo sitokromu c, hiyo huamsha vimeng'enya viitwavyo kaspasi, navyo hukatakata protini za ndani. Seli husinyaa na kugawanyika vipande, kila kimoja na utando wake, kisha makrofaji, yaani seli za kinga zinazokula mabaki, huvimeza. Hakuna kinachomwagika, ndiyo maana hukusikia harufu. Ukiungua na maji ya moto ni tofauti kabisa: seli hupasuka, yaliyomo humwagika, ngozi huvimba.

Jirani_wa_Seli: Ongeza hili, mwalimu: amri hiyo ina walinzi. Protini ya Bcl-2 huzuia mitokondria isitobolewe. Protini nyingine, Bax, ndiyo hutoboa. DNA ikiharibika vibaya, protini ya p53 huielekeza seli kwenye kifo hicho. Saratani nyingi zina p53 mbovu. Na mnyoo *C. elegans* hutengeneza seli 1,090, ambapo 131 hufa kwa mpango. Wanasayansi Brenner, Horvitz na Sulston walipata Tuzo ya Nobeli 2002 kwa utafiti huo.

Mwalimu_Kidato3: Asanteni sana. Je, vidole vyetu navyo viliachana hivyo tumboni?

MamaMaabara: Ndiyo, mwalimu. Ngozi ya katikati ilikufa kwa njia hiyohiyo. Waambie wanyooshe mikono waone.